Afya ya Kinywa na Afya ya Moyo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina tatu: mwenye fizi zinazotoka damu aliyesikia kwamba moyo wake umo hatarini, mgonjwa wa moyo anayeogopa kung'olewa jino, na mzazi wa mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo. Majibu yao hayafanani, kwa hiyo yamepangwa kwa mada. Pale jibu moja linapotegemea jingine, msomaji ameelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Je, ni kweli kwamba kinywa kibovu huleta ugonjwa wa moyo?

Uhusiano upo, lakini neno "huleta" limetangulia mbele ya ushahidi. Watu wenye ugonjwa mkali wa fizi hupata shambulio la moyo na kiharusi mara nyingi zaidi kuliko wenye fizi zenye afya, na sehemu ya tofauti hiyo hubaki hata baada ya watafiti kuzingatia umri, sigara na kisukari. Mwaka 2012 Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia tafiti zilizokuwepo na kukubali kwamba uhusiano huo ni wa kweli. Hata hivyo, kilisema wazi kwamba haijathibitishwa kuwa ugonjwa wa fizi ndio chanzo cha ugonjwa wa mishipa ya moyo, wala kwamba kutibu fizi huzuia shambulio la moyo.

Lipo eneo moja ambalo shaka hiyo haipo, nalo ni maambukizi ya utando wa ndani wa moyo na vali zake, yaani milango inayoongoza damu ndani ya moyo. Hapo bakteria wa kinywani wanaweza kuwa chanzo cha moja kwa moja, na ndiyo maana sehemu ya vali imepewa nafasi kubwa hapa chini.

Ugonjwa wa fizi ni nini hasa, na nitajuaje kwamba ninao?

Saa chache baada ya kupiga mswaki, meno huanza kufunikwa na ukoga, yaani utando laini unaonata uliojaa bakteria. Usipoondolewa, madini ya mate huugandisha ukawa ugaga, ambao ni mgumu kama chokaa na hauondoki tena kwa mswaki. Fizi hujibu kwa kuwa nyekundu, kuvimba na kutoka damu. Hatua hii ya kwanza hurekebishika kabisa kwa usafi mzuri. Hatua ya pili ni nyingine: ufizi huachana na jino, mfuko hujitokeza kati yao, na mfupa unaoshikilia jino huanza kuliwa. Mfupa uliopotea kwa kawaida haurudi wenyewe.

Njia ya uhakika ya kujua ni kipimo. Daktari wa meno hushika kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita na kukipitisha taratibu kuzunguka kila jino huku akimtajia msaidizi wake namba: mbili, tatu, mbili, sita. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida, lakini kuanzia 4 kuna jambo la kufuatilia. Ukiisikia hiyo sita, uliza ni jino gani. Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi hadi uwe umekwenda mbali, jambo linalosaidia kueleza kwa nini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1 wanaishi na aina yake kali.

Je, jino lililotoboka nalo ni hatari kwa moyo?

Tafiti nyingi za moyo zimehusu fizi, si matundu. Lakini tundu lililoachwa hadi kufika kwenye kiini cha jino huweza kuzaa jipu kwenye ncha ya mzizi, na jipu hilo ni maambukizi kamili. Kwa mwenye vali bandia halipaswi kusubiri hata kama maumivu yametulia, kwa kuwa maumivu yanaweza kutulia kwa sababu tu neva ya jino imekufa.

## Jinsi kinywa kinavyoufikia moyo

Bakteria wa kinywani huingiaje kwenye damu?

Huingia kupitia ngozi nyembamba iliyochubuka ndani ya mifuko ya fizi. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa fizi, eneo hilo la kidonda lisiloonekana limekadiriwa kuwa sentimita za mraba 8 hadi 20. Mtu angekuwa na kidonda cha ukubwa huo mkononi asingelala bila kukifunga.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kwa watu 290 uliwachukua damu waliopiga mswaki na waliong'olewa jino. Bakteria walionekana katika damu ya asilimia 23 ya waliopiga mswaki, asilimia 60 ya waliong'olewa jino bila dawa, na asilimia 33 ya waliong'olewa wakiwa wamemeza amoksilini. Wengi husoma namba hizi na kuogopa mswaki, kumbe somo lake ni kinyume. Jino hung'olewa mara chache maishani, ilhali kutafuna na kupiga mswaki ni kila siku, kwa hiyo hali ya fizi ndiyo inayoamua ni bakteria wangapi watapenya kwa mwaka mzima. Kwa mtu mwenye moyo usio na kasoro, kinga ya mwili huwaondoa ndani ya muda mfupi.

Mchochota wa fizi unahusianaje na mishipa ya moyo?

Mchochota ni ule mwitikio wa kinga unaoleta wekundu, joto na uvimbe. Kwenye fizi zenye ugonjwa haukomi, na kemikali zake huingia kwenye damu hadi ini linaanza kutengeneza kwa wingi protini iitwayo CRP, ambayo madaktari wa moyo pia huipima. Mafuta yaliyojikusanya katika kuta za ateri nayo ni eneo la mchochota, na mchochota ukizidi, gamba linaloyafunika hudhoofika, hupasuka, kisha damu huganda juu yake. Hapo ndipo shambulio la moyo huanzia.

Vinasaba vya bakteria wa fizi, akiwemo Porphyromonas gingivalis, vimewahi kupatikana ndani ya mafuta hayo yaliyotolewa kwenye ateri za wagonjwa. Ni jambo la kushangaza, lakini aliyekutwa penye moto si lazima awe ndiye aliyeuwasha.

## Ushahidi na mipaka yake

Kwa nini jambo hili halijathibitishwa baada ya miaka yote hii?

Hoja hii ilipata nguvu mwaka 1989, watafiti wa Ufini walipoonyesha kwamba waliolazwa kwa shambulio la moyo walikuwa na vinywa vibaya kuliko wenzao. Mwaka 2010 utafiti wa Uskoti uliofuatilia watu zaidi ya 11,000 ukaonyesha kwamba waliopiga mswaki chini ya mara moja kwa siku walipata matatizo ya moyo na mishipa zaidi ya waliopiga mara mbili. Ugumu ni kwamba asiyepiga mswaki mara nyingi ndiye pia anayevuta sigara, asiyefanya mazoezi na asiyekwenda hospitali mapema. Hesabu za takwimu hujaribu kuvitenganisha vitu hivi, lakini haziwezi kuvitenganisha vyote.

Jibu la mwisho lingetaka jaribio ambalo nusu ya wagonjwa wa fizi wanatibiwa na nusu wanaachwa kwa miaka mingi, kisha mashambulio ya moyo yanahesabiwa. Ni daktari gani angekubali kuwaangalia watu wakipoteza meno kwa ajili ya hesabu? Kwa hiyo majaribio hupima vitu vya karibu. Lililo maarufu zaidi lilichapishwa mwaka 2007, likiwa na wagonjwa 120 wa ugonjwa mkali wa fizi. Kwa wale waliosafishwa fizi kwa kina, saa 24 baadaye uwezo wa mishipa yao kutanuka ulishuka. Miezi 6 baadaye ulikuwa bora kuliko wa wale waliopata usafishaji wa kawaida. Matokeo hayo ya pande mbili ni ya kukumbukwa, na yanarejea katika swali la kuahirisha matibabu baada ya shambulio la moyo.

Je, nikitibiwa fizi hatari yangu ya moyo itapungua?

Fizi zitapona, meno yatabaki, CRP inaweza kushuka kidogo, na mwenye kisukari anaweza kuona sukari yake ikidhibitika vizuri zaidi. Hizo ni sababu tosha za kutibiwa. Anayekuahidi kwamba usafishaji wa meno utakukinga na shambulio la moyo anauza kitu ambacho hana. Shinikizo la damu, sigara, kolesteroli na kisukari bado ndivyo vya kushughulikiwa kwanza kwa ajili ya moyo.

Basi si bora kung'oa meno yote?

Wazo hili lina historia ya kusikitisha. Mwaka 1910 daktari wa Uingereza, William Hunter, alihutubia mjini Montreal akilaumu maambukizi ya kinywani kwa magonjwa mengi ya mwili, na katika miongo iliyofuata watu wengi waling'olewa meno yaliyokuwa mazima kwa matumaini ya kupona maradhi ambayo hayakuwa na uhusiano na meno. Hawakupona. Jino la kung'olewa ni lile lisilotibika.

## Wenye vali bandia na kasoro za moyo

Ni nani anayetakiwa kumeza viuavijasumu kabla ya kutibiwa meno?

Ni wachache kuliko watu wanavyodhani. Tangu mwaka 2007 miongozo ya Marekani imebakiza makundi ya hatari kubwa: wenye vali bandia au vali iliyorekebishwa kwa kifaa bandia, waliowahi kuugua maambukizi ya ndani ya moyo, wenye baadhi ya kasoro nzito za moyo za kuzaliwa, na waliopandikizwa moyo ambao baadaye vali zake zimepata hitilafu. Miongozo ya Ulaya inakaribiana na hiyo. Uingereza ilikwenda mbali zaidi mwaka 2008 kwa kushauri dawa zisitolewe kwa ajili hiyo, kisha mwaka 2016 ikalegeza kauli kwa kusema zisitolewe "kama utaratibu wa kawaida". Ndiyo maana madaktari wawili waliosomea nchi tofauti wanaweza kukupa majibu tofauti, na wote wasiwe wazembe.

Dozi inayotumika sana kwa mtu mzima ni gramu 2 za amoksilini, zinazomezwa mara moja, dakika 30 hadi 60 kabla ya kukaa kwenye kiti. Si vidonge vya siku tano, wala si vya kuanza jana yake. Asiyepatana na penisilini hupewa dawa nyingine, na kwa miongozo ya Marekani ya mwaka 2021 klindamaisini si miongoni mwake tena. Dawa hii huhitajika kwa kazi zinazogusa fizi au ncha ya mzizi, kama kung'oa jino au kukwangua ugaga chini ya ufizi, na haihitajiki kwa picha ya eksirei au jino la utotoni linalodondoka lenyewe.

Nina kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au bomba dogo la kupanua ateri. Je, nami nimo?

Kwa kawaida hapana. Vifaa hivyo, pamoja na upasuaji wa kupachika mishipa mipya ya moyo, havimo katika orodha ya juu. Mjulishe hata hivyo daktari wa meno, kwa sababu dawa unazotumia zinamhusu (tazama swali kuhusu aspirini).

Vali zangu ziliharibiwa na homa ya rumatiki. Meno ndiyo yaliyonisababishia?

La. Homa ya rumatiki hufuata maambukizi ya koo yanayoletwa na bakteria wa kundi la A la streptokoka, nao si wale wa kwenye ukoga. Lakini vali iliyokwisha kuharibika ina makovu, na bakteria wa kinywani hupata pa kujishika, kwa hiyo fizi safi ni muhimu kwako kuliko kwa jirani yako. Kuhusu viuavijasumu, nchi zinatofautiana: Australia huwajumuisha wagonjwa wa aina yako, Marekani haiwajumuishi kama hawana vali bandia.

Kuna jambo linalosahaulika mara nyingi. Ikiwa unachomwa sindano ya penisilini kila mwezi kuzuia homa hiyo isirudi, bakteria wa kinywani mwako huenda wamekwisha kuizoea. Mwambie daktari wa meno kuhusu sindano hiyo, ili kama kinga inahitajika achague dawa ya jamii tofauti na penisilini.

Dalili gani zinapaswa kunitia wasiwasi baada ya matibabu ya meno?

Ni homa isiyoisha, jasho la usiku, uchovu usio na sababu na kupungua uzito katika wiki zinazofuata. Kama una vali bandia, usimeze viuavijasumu vilivyobaki nyumbani. Damu inapaswa kuoteshwa maabara kabla ya dozi ya kwanza, kwani vidonge vichache tu vinaweza kumficha bakteria na kuchelewesha utambuzi kwa siku nyingi.

## Dawa za moyo na matibabu ya meno

Niache aspirini au dawa ya kuyeyusha damu kabla ya kung'oa jino?

Usiache kwa uamuzi wako. Damu ya fizi huonekana na inaweza kubanwa kwa kidole, lakini damu iliyoganda ndani ya ateri ya moyo haionekani wala haibaniki. Kwa ung'oaji wa kawaida, aspirini na klopidogreli kwa kawaida huendelea, hasa kwa aliyewekewa bomba la ateri karibuni. Kwa anayetumia warfarini, kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, hufanyika siku moja hadi tatu kabla, na miongozo ya Uingereza huruhusu kuendelea ikiwa kiko chini ya 4. Daktari atashona tundu, ataweka kitu cha kugandisha damu, kisha atakupa shashi uing'ate kwa nguvu. Ing'ate bila kuchungulia, kwa sababu kila unapoitoa kutazama unaliondoa bonge la damu lililoanza kujijenga.

Nimeze dawa gani kwa maumivu ya jino?

Kwa mgonjwa wa moyo, parasetamoli ndiyo ya kuanzia. Ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya shambulio la moyo kwa aliyewahi kulipata, na ibuprofeni inaweza kuzuia kazi ya aspirini. Wanaotumia warfarini wana tahadhari mbili za ziada: metronidazoli, ambayo huandikwa sana kwa maambukizi ya meno, na jeli ya mikonazoli ya fangasi wa kinywani. Zote huipandisha nguvu ya warfarini. Jeli inaonekana kitu kidogo cha kupaka tu, lakini kiasi kinachomezwa kinatosha kusababisha kutoka damu kwa hatari.

Fizi zangu zimevimba tangu nianze dawa ya shinikizo la damu. Kuna uhusiano?

Upo kama dawa hiyo ni nifedipini, amlodipini au ya jamii yake. Kwa baadhi ya watu fizi hukua hadi kufunika sehemu ya meno, na hali huwa mbaya zaidi penye ukoga. Usafishaji wa kina husaidia. Usipotosha, daktari wa moyo anaweza kubadili dawa. Dawa nyingine, zikiwemo za kuongeza mkojo, hukausha kinywa, na kinywa kikavu hutoboka meno haraka. Kunywa maji mara kwa mara husaidia, mradi usizidi kiwango ulichowekewa ikiwa moyo wako umeshindwa kazi.

Nilipata shambulio la moyo. Ningoje muda gani kabla ya kutibiwa meno?

Kazi zisizo za dharura kwa kawaida huahirishwa kwa wiki 4 hadi 6 au zaidi, kwa makubaliano na daktari wa moyo. Usafishaji wa kina huleta mchochota wa muda mfupi, kama lile jaribio la 2007 lilivyoonyesha. Jipu halingojei, nalo hutibiwa mahali penye vifaa vya kufuatilia moyo. Dawa ya ganzi yenye adrenalini hutumika kwa wagonjwa wengi wa moyo, kwa kiasi kidogo na polepole, na ni salama kuliko maumivu, kwa kuwa maumivu nayo huufanya mwili umwage adrenalini yake wenyewe.

## Utunzaji wa kila siku

Nipige mswaki namna gani?

Mara mbili kwa siku, dakika 2 kila mara, kwa mswaki laini ulioinamishwa nyuzi 45 kuelekea ufizi na dawa ya meno yenye floridi ya kiwango cha ppm (sehemu kwa milioni) 1,350 hadi 1,500. Tema povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floridi ibaki. Katikati ya meno mswaki haufiki, hivyo tumia uzi wa meno, au vibrashi vidogo pale penye nafasi.

Fizi zikitoka damu nipumzishe sehemu hiyo?

Hapana. Sehemu inayotoka damu ndiyo inayohitaji kusafishwa zaidi, kwa upole. Mara nyingi damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Ikiendelea baada ya hapo, nenda ukapimwe.

Dawa ya kusukutua inalinda moyo?

Hakuna ushahidi huo, na ile yenye nguvu zaidi ina upande wa pili. Nyuma ya ulimi wanaishi bakteria wanaogeuza nitrati ya mboga za majani kuwa nitriti, ambayo mwili huitumia kulegeza mishipa. Katika utafiti mdogo wa mwaka 2013, watu wenye afya waliosukutua kwa dawa hiyo yenye nguvu, iitwayo kloroheksidini, kwa wiki moja waliona shinikizo la damu likipanda kwa milimita 2 hadi 3.5 za zebaki. Ni kiasi kidogo, lakini dawa hiyo itumike kwa muda ulioandikiwa tu.

## Hali zisizo za kawaida

Navuta sigara na fizi zangu hazitoki damu kabisa. Niko salama?

Huenda ni kinyume. Sigara hubana mishipa midogo ya fizi na kuficha ishara ya mapema zaidi. Mwombe daktari wa meno apime mifuko kwa kijiti, usitegemee damu.

Mtoto wangu ana kasoro ya moyo. Meno ya utotoni yana umuhimu, ilhali yatadondoka?

Yana umuhimu mkubwa, kwa kuwa jipu la jino la utotoni ni jipu kamili. Watoto hawa pia hupewa dawa za maji kila siku, na nyingi zimetiwa sukari. Uliza kama ipo isiyo na sukari, mpe pamoja na chakula inapowezekana, na usimlaze kabla hajafutwa meno au kupigwa mswaki baada ya dozi ya usiku.

Taya la chini linauma lakini daktari wa meno haoni tatizo. Inawezekana ni moyo?

Inawezekana, na hili ni swali ambalo halipaswi kuchelewa. Maumivu ya moyo huweza kusikika tayani, na mara nyingine bila maumivu ya kifua, hasa kwa wanawake na wenye kisukari. Jino bovu huuma kwa baridi, joto au kutafuna, na mara nyingi unaweza kulionyesha kwa kidole. Maumivu ya moyo huwa mazito na yasiyo na mahali maalumu, huja unapopanda ngazi au kubeba mzigo, na hutulia ukipumzika. Yakija ukiwa umetulia, yakiambatana na jasho baridi, kichefuchefu au kupumua kwa shida, usitafute daktari wa meno. Nenda kitengo cha dharura, na usiendeshe gari mwenyewe.